Kitwitwi Hana Kitambulisho

Ingia kwa simu ya mtu yeyote aliyewahi kutembea Mida Creek, Watamu, maji yakiwa yamekupwa. Katikati ya picha za mikoko na ile njia ya mbao inayoning'inia, utapata picha moja ambayo hata mwenyewe hajui kwa nini aliipiga: ndege wadogo wa rangi ya matope, wamesimama kwenye matope. Juu kijivu, chini weupe, mdomo mweusi, miguu myeusi. Muulize ni ndege gani. Atakuambia, "Ah, ni ndege tu." Mzee wa pwani atakuambia ni vitwitwi, na yuko sahihi kabisa. Shida huanza ukiuliza swali la pili: kitwitwi yupi?

Hilo swali la pili lina zaidi ya miaka 200. Limejibiwa kwa bunduki, kwa pamba, kwa darubini, na sasa linajibiwa kwa simu. Katikati ya stori hiyo yuko mtu ambaye Wakenya wengi tunamjua kwa sababu nyingine kabisa, na hiyo sababu ina damu. Tutamfikia.

Kwanza kitwitwi mwenyewe. Yule mdogo kabisa tunayemwona kwa wingi hapa kwetu wanasayansi humwita Calidris minuta. Mara nyingi hafikishi gramu 30. Hutaga na kuangua kwenye tundra, kaskazini kabisa mwa Urusi, pale ambapo miezi ya Juni na Julai jua halitui. Kuanzia Agosti anaanza kuingia Kenya, anakula minyoo na wadudu wa matope miezi yote ya baridi ya kwao, halafu Aprili au Mei anarudi. Yaani mwaka wake mwingi anaumalizia safarini au huku kwetu. Ukitaka kubishana kuhusu nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, anza na huyu.

Mjerumani Leisler ndiye aliyempa jina la kisayansi, mwaka wa 1812. Kumpa jina haikumaanisha walimjua. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walikuwa wanamwona akipita tu, bila kujua vizuri anakozaliwa. Mwaka wa 1875 Henry Seebohm, mfanyabiashara wa chuma kutoka Sheffield, na mwenzake John Harvie-Brown walisafiri hadi mdomo wa Mto Pechora huko Urusi na wakarudi Uingereza na mayai yake. Ilikuwa habari kubwa. Mayai ya binamu yake, Calidris ferruginea, yule wa mdomo uliopinda kidogo kwenda chini, yalisubiri hadi 1897, alipoyapata Mwingereza Popham kwenye Mto Yenisei.

Angalia basi: walivuka nusu ya dunia, wakavumilia mbu wa Siberia, kwa ajili ya yai. Na ushahidi wa zama hizo ulitafutwa kwa bunduki.

Kupiga na kupiga

Karne ya 19 jibu la "kitwitwi yupi?" lilikuwa rahisi: muue umtazame vizuri. Waingereza walikuwa na msemo wao kwamba aliyepigwa ni historia, aliyekosewa ni fumbo. Ukisema umeona ndege adimu na huna mzoga mkononi, hujaona kitu. Ndege alichunwa ngozi, akajazwa pamba, akafungwa lebo mguuni. Kwenye lebo ziliandikwa tarehe, mahali, na jina la aliyempiga. Kisha aliingia kwenye droo ya makumbusho na kulala chali miaka 100.

Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili hapa. Tunapiga bunduki, tunapiga picha. Historia nayo inakubaliana na lugha yetu. Mwaka wa 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki kamili, na kitako na mtutu, iliyopiga picha 12 kwa sekunde moja. Alitaka kujua jinsi ndege anavyoruka. Alimlenga, akafyatua, na ndege akaendelea na safari zake. Miaka kumi baadaye, 1892, ndugu wawili wa Yorkshire, Richard na Cherry Kearton, walianza kupiga picha viota vya ndege, na mwaka wa 1895 wakatoa kitabu kizima kuhusu viota chenye picha za kamera.

Cherry Kearton alifika hapa kwetu. Alikuwa Afrika Mashariki wakati Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alipofanya safari yake maarufu ya 1909 hadi 1910. Kikosi cha Roosevelt kilikusanya zaidi ya wanyama, ndege na wadudu 11,000 kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Kearton alikuwa na kamera ya filamu. Nchi moja, msimu mmoja, njia mbili za kupiga. Mwaka huohuo wa 1909 walowezi na wamishonari wa hapa walianzisha Nairobi chama cha historia ya asili, ambacho leo tunakijua kama Nature Kenya, na kutoka kwa chama hicho kikazaliwa kile ambacho leo ni Makumbusho ya Nairobi.

Lakini kwa miaka mingi kamera haikuwa mpinzani wa kweli wa bunduki. Filamu ilikuwa nzito, mwanga ulihitaji kuwa mwingi, na kitwitwi hakai tuli. Picha ilikuwa pambo. Ushahidi ulibaki kuwa ngozi na lebo yake.

Mwongo mwenye lebo

Sasa tumfikie mtu wetu.

Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliokuwa wamepinga Waingereza na reli yao kwa miaka kumi, alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza kwa mazungumzo ya amani. Hakurudi. Ofisa aliyemuua aliitwa Richard Meinertzhagen. Alitoa maelezo yake, wakubwa wake wakayachunguza, wakamsafisha. Mwaka uliofuata aliondolewa hapa nchini, lakini hakufungwa. Neno lake lilitosha.

Huyohuyo Meinertzhagen alikuwa mtaalamu wa ndege. Na si wa kubahatisha: aliandika vitabu vizito, alisafiri kila mahali, na mwaka wa 1954 alikabidhi makumbusho ya London mkusanyiko wa ngozi karibu 20,000, kila moja na lebo yake nadhifu. Alipokufa mwaka wa 1967, alikuwa jina la kuheshimika.

Kulikuwa na minong'ono. Makumbusho iliwahi kumpiga marufuku kuingia chumba cha ndege kwa muda, miaka ya mwanzo, kwa kushukiwa kutoka na vitu visivyo vyake. Lakini nani angemkabili kanali? Hadi miaka ya 1990, Alan Knox na baadaye Pamela Rasmussen wakaanza kuzikagua ngozi zenyewe badala ya kusoma lebo. Walizipiga eksirei. Unajua, kila mtu wa kuhifadhi ndege ana mkono wake: jinsi anavyokunja pamba, anavyofunga mfupa wa mguu, anavyoshona tumbo. Ni kama mwandiko. Ngozi ambazo Meinertzhagen alisema alizitengeneza mwenyewe zilikuwa na mwandiko wa watu wengine, watu waliokufa zamani. Alikuwa ameziiba kutoka kwenye makumbusho, akang'oa lebo, akaandika zake: tarehe mpya, nchi mpya, na jina lake.

Madhara yake si mzaha. Kuna bundi mmoja wa India, Athene blewitti, ambaye ushahidi wa mwisho wa kuonekana kwake ulikuwa ngozi ya Meinertzhagen ya 1914. Watu waliomtafuta kwa kufuata lebo ile hawakumpata. Rasmussen alipogundua kwamba ngozi ile ilikuwa ya wizi, na kwamba ndege mwenyewe alipigwa na mtu mwingine miaka ya 1880 mahali pengine kabisa, aliachana na lebo ya uongo na kufuata rekodi za kweli. Novemba 1997 yeye na wenzake wakampata bundi yule, hai.

Hapa ndipo mimi hukaa nikafikiri. Sikumaliza chuo, kwa hivyo labda nina kisirani na vyeti. Lakini hebu tazama mpangilio wenyewe. Mtu alisema uongo kuhusu ndege kwa nusu karne, na alikuwa ameshatoa maelezo yake kuhusu kifo cha Koitalel kwa mtindo uleule: niamini, nilikuwepo. Wanandi walisema tangu siku ya kwanza kwamba ilikuwa hila. Wao hawakuwa na lebo. Ndege pia hakuwa na sauti, lakini angalau ngozi yake ilibaki kwenye droo, ikingoja mtu wa kuipiga eksirei.

Umri kwanza, jina baadaye

Wakati Meinertzhagen akiandika lebo zake, wengine walikuwa wanajifunza kuweka bunduki chini. Huko Marekani Ludlow Griscom aliwafundisha vijana kwamba ndege anaweza kutambuliwa kwa darubini, mradi unajua cha kutazama. Mmoja wa waliofuata njia hiyo, Roger Tory Peterson, alitoa mwaka wa 1934 kitabu cha mfukoni chenye michoro na vishale vidogo: tazama hapa, tazama pale. Nakala 2,000 za kwanza ziliisha haraka sana. Ghafla mtu wa kawaida, bila leseni ya makumbusho, angeweza kusema: yule ni fulani.

Isipokuwa vitwitwi. Vishale vya Peterson vilifanya kazi kwa ndege wenye rangi za kupiga kelele. Kwa wale wadogo wa matope, wataalamu wenyewe walikuwa wanagombana. Na kuna kisa kinachoonyesha walikuwa wanagombana kwa nini. Miaka ya 1970 kusini mwa Australia walionekana vitwitwi wasiofanana na yeyote aliyejulikana. Wawili walipigwa, wakapelekwa makumbusho, na mwaka wa 1982 wakatangazwa kuwa spishi mpya, Calidris paramelanotos. Kulikuwa na ngozi, kulikuwa na lebo za kweli, kila kitu kilifuatwa. Mwaka wa 1996 vipimo vya DNA vikaonyesha hakuna spishi kama hiyo. Walikuwa machotara: mama yao ni yule Calidris ferruginea wa mdomo uliopinda, baba yao spishi nyingine ya Aktiki. Kwa hivyo hata mzoga mkononi haukuwa neno la mwisho.

Mapinduzi ya kweli yalikuja 1984. Mwingereza Peter Grant na Mswidi Lars Jonsson, ambaye ni mchoraji hodari, walichapisha katika jarida la British Birds makala ndefu kuhusu vitwitwi wadogo. Ujumbe wao ukiufupisha ni huu: usianze na jina. Anza na umri.

Manyoya ni kama nguo. Kitwitwi aliyezaliwa Julai akifika kwetu Septemba amevaa nguo mpya: kila unyoya wa mgongoni una ukingo safi, wa hudhurungi au mweupe, na kwa Calidris minuta kingo hizo nyeupe huchora herufi V mgongoni. Mzazi wake, siku hiyohiyo, matope hayohayo, amevaa nguo iliyochakaa kwa safari na jua la kiangazi cha kaskazini. Kingo zimelika, rangi imepauka. Kufikia Desemba wote wawili wako kijivu. Ukimlinganisha mtoto wa spishi moja na mzazi wa spishi nyingine, utapata tofauti nyingi sana na zote zitakudanganya. Kwanza jua huyu ni mtoto au mzazi, na ni mwezi gani. Halafu ndiyo uulize jina.

Kazi ya namna hiyo haikuwezekana kwa kumtupia macho ndege anayekimbia. Ilihitaji picha, nyingi, za kuwekwa ubavu kwa ubavu. Kamera ilikuwa imeacha kuwa pambo.

Unachokiona kwenye picha

Kwa hivyo umepiga picha yako Mida au Sabaki. Utazame nini?

Usianze na ukubwa. Picha haina rula. Kitwitwi peke yake kwenye matope anaweza kuonekana mkubwa kama kuku. Ukubwa una maana tu kama kuna ndege mwingine unayemjua kando yake, kwa umbali uleule.

Tazama miguu, lakini kwa tahadhari. Calidris minuta ana miguu myeusi. Ndugu yake Calidris temminckii, ambaye pia hufika Kenya na hupenda maji baridi ya bara, ana miguu ya kijani au manjano. Rahisi, sivyo? Sasa kumbuka wote wawili wanashinda kwenye matope, na matope yakikauka mguuni, rangi zote ni moja. Piga picha kadhaa, upate hata moja ambapo ametoka majini.

Tazama mdomo: mrefu au mfupi kuliko kichwa, umenyooka au umepinda, ncha nyembamba au butu. Tazama ncha ya bawa lililokunjwa, imepita mkia au imeishia hapo. Na rangi, hiyo usiiamini saa kumi na mbili jioni; jua la magharibi humgeuza kila ndege kuwa mwekundu.

Pwani kuna mtihani mwingine, wale vitwitwi wanene kidogo wanaosimama, kukimbia hatua tatu, kisha kusimama tena. Kuna aina mbili zinazofanana sana, mmoja ana mdomo mrefu na mzito zaidi. Yule mwenye mdomo mfupi alihesabiwa miaka mingi kama spishi moja kutoka Tibet hadi pwani ya Pasifiki ya Urusi. Kisha, mwaka wa 2022, utafiti wa vinasaba ukaonyesha ni wawili, na orodha za dunia zikafuata. Wa kwetu wanatoka upande wa Tibet na milima ya Asia ya Kati, na jina lao jipya ni Anarhynchus atrifrons. Fikiria maana yake kwa picha iliyopigwa Malindi mwaka wa 2005. Jina lililoandikwa chini yake limepitwa na wakati. Picha yenyewe haijapitwa, kama tu tunajua ilipigwa wapi na lini.

Hiyo ndiyo lebo ya mguuni ya siku hizi. Simu yako huandika tarehe na saa ndani ya kila picha, na mahali pia ukiruhusu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo huondolewa na picha hubanwa, zile kingo nyembamba za manyoya zikawa uji. Skrinishoti ni mbaya zaidi: tarehe yake ni ya leo. Bila kukusudia uovu wowote, tunang'oa lebo kila siku. Meinertzhagen angalau alilazimika kutumia mkasi.

Kutoka Ruai hadi Sabaki

Mtu wa Nairobi anaweza kusema haya ni mambo ya pwani na ya wazungu wenye kamera ndefu. Si kweli. Mabwawa ya majitaka ya Ruai, yale ya mtambo wa Dandora, yanatambuliwa kimataifa kuwa eneo muhimu la ndege. Kile tunachokivuta kwa maji chooni Eastlands kinalisha viumbe vidogo vinavyolisha Calidris minuta aliyetoka Aktiki. Maji yakishasafishwa huingia Mto Nairobi, ambao huingia Athi, ambao huwa Galana, ambao humwagikia Bahari Hindi kwa jina la Sabaki, kaskazini ya Malindi. Na pale mdomoni, kwenye matope, wako vitwitwi tena.

Kizuizi cha kamera nacho kimeshuka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmalaysia Laurence Poh alionyesha dunia kwamba ukiweka kamera ndogo ya dijitali kwenye jicho la darubini kubwa, unapata picha ya karibu bila lenzi ya mamilioni. Leo vijana hufanya hivyo kwa simu. Nature Kenya ina matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, yale ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miongo mingi, na hakuna anayekuuliza cheti mlangoni.

Kwa nini ujisumbue? Oktoba 2024 IUCN ilipandisha kiwango cha hatari kwa spishi 16 za ndege wahamiaji wa ufukweni kwa mkupuo mmoja. Calidris ferruginea, huyo wa Sabaki na Mida, sasa yuko kwenye kundi la walio hatarini. Ukiwaita wote "ndege tu", spishi moja inaweza kuondoka katikati ya kundi na kundi likaonekana lilelile.

Imeshatokea. Kulikuwa na sululu mmoja mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, aliyekuwa akisafiri kutoka Siberia hadi kingo za Mediterania. Alifanana na sululu wengine wawili wa kawaida kiasi kwamba wachache walijua kumtenganisha. Picha za mwisho zisizo na ubishi zilipigwa Merja Zerga, Morocco, Februari 1995. Mwaka wa 1998 ndege mmoja alionekana na kupigwa picha kaskazini mwa Uingereza, akakubaliwa kuwa yeye. Miaka ikapita, picha zikakaguliwa upya, na rekodi ikafutwa: hazikutosha kuthibitisha. Oktoba 2025 IUCN ilitangaza kwamba spishi hiyo imetoweka duniani.

Ina maana kuna mtu, mahali fulani kati ya Siberia na Morocco, aliyempita yule wa mwisho kabisa. Labda alikuwa na kamera. Labda picha ipo hadi leo kwenye albamu au diski, chini yake imeandikwa "ndege", bila tarehe.

Msimu unaanza Agosti. Ukienda Ruai, Mida, Sabaki, au kwenye bwawa lolote lenye ukingo wa matope, piga picha kadhaa na si moja, na uhifadhi faili asili. Andika mahali, tarehe na saa. Jina unaweza kuliacha wazi, atakuja mtu wa kulijaza.